Nguzo 1,200 Zilizofutwa: Kusoma Upya Kitabu cha Lewis Fry Richardson

0. Utangulizi

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta humu uhakiki wa tenzi, wa riwaya na wa tamthilia, au uchambuzi wa lahaja. Leo tunamletea kitabu cha hesabu za upepo. Atatuwia radhi. Kitabu ni kitabu: kina mwandishi na lugha yake, kina mambo kinayoyatamka na mengine kinayoyapita kimya, na mhakiki hawezi kusimama mlangoni ati kwa kuwa ndani mna milinganyo.

Kitabu chenyewe ni Weather Prediction by Numerical Process, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1922. Mwandishi wake ni Mwingereza Lewis Fry Richardson (1881-1953). Ndani yake mna jaribio la kwanza kamili la kutafuta hali ya hewa ya saa zijazo kwa hesabu tupu, na humo pia wazo la msukosuko wa hewa na maji limepewa nafasi ambayo wataalamu wa bahari na wa anga wanaiheshimu hadi leo. Kinasifiwa sana kwa ukweli wake. Sifa hiyo tunaikubali. Lakini katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mahali pamoja, kwa kauli fupi isiyo na mtenda, mwandishi huyu mkweli aliuondoa ukanda wetu katika hesabu ya dunia, na kwamba ufutaji huo bado haujarekebishwa wote.

1. Mwandishi na safari ya kitabu

Richardson alizaliwa Newcastle upon Tyne katika jamaa ya dhehebu la Quaker, ambalo wafuasi wake hukataa kushika silaha. Mwaka 1913 alikabidhiwa uongozi wa kituo cha upimaji cha Eskdalemuir, huko Uskoti. Mwaka 1916 aliiacha kazi hiyo akaenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi wa vita. Rasimu ya kitabu aliichukua. Huko, katika vipindi vya mapumziko, akiwa amekaa juu ya rundo la nyasi kavu katika malazi ya baridi, alifanya hesabu ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimchukua muda wa karibu majuma sita. Katika mapigano ya Champagne ya Aprili 1917 rasimu ilipelekwa nyuma ya mstari wa vita, ikapotea, ikaja kuonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe.

Tunaitaja safari hiyo kwa sababu inasaidia kuielewa sauti ya kitabu. Richardson haandiki kama mtu anayetoka katika ofisi yenye utulivu. Anaandika kama mtu anayejua kwamba karatasi inaweza kupotea na kwamba hesabu inaweza kukatizwa. Mwaka 1920, idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilipowekwa chini ya wizara iliyosimamia jeshi la anga, alijiuzulu.

2. Kosa lililochapishwa

Njia yake ni hii. Anaigawa hewa katika nguzo zinazosimama juu ya miraba, mfano wa ubao wa dama. Kila nguzo anaikata kwa kwenda juu katika matabaka matano. Katika miraba ya aina moja anaandika kanieneo ya hewa, na katika miraba ya aina ya pili anaandika mwendo wa upepo, zikifuatana kama vyumba vyeusi na vyeupe vya ubao huo. Halafu kila mraba unawauliza jirani zake: nini kimeingia kwangu, nini kimetoka? Kutokana na majibu hayo anapata hali ya saa chache zijazo.

Kwa mfano wake alichagua vipimo vya saa moja asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, siku ambayo puto nyingi zilirushwa katika Ulaya. Akatafuta badiliko la kanieneo kwa muda wa saa 6 karibu na Munich, Ujerumani. Hesabu ikampa ongezeko la hektopaskali 145. Hata tufani kali haibadilishi kanieneo kiasi hicho kwa muda kama huo. Siku ile, katika mahali pale, kanieneo ilikaa karibu vilevile.

Mwandishi mwingine angeificha sura hiyo. Richardson aliichapisha kuwa sura ya 9, na jedwali zake zote, ili yeyote atakaye aikague. Katika sura ya 10 akaanza mwenyewe kutafuta chanzo cha kosa, akapendekeza vipimo vya mwanzo vilainishwe kwanza. Alikaribia sana. Vipimo vya upepo na vipimo vya kanieneo havikupatana, na kutopatana huko kulizaa mawimbi ya kasi, kama maji ya beseni lililogongwa ukingoni. Peter Lynch, mtaalamu wa Ireland, alirudia kazi yote kwa kompyuta na kuieleza katika kitabu chake cha 2006: vipimo vikilainishwa, njia ileile ya Richardson inatoa badiliko lisilofika hektopaskali 1.

Hapa sisi wa vitivo vya fasihi tuna la kujifunza. Ni nani kati yetu amesoma kazi ya kumaliza masomo ambamo mwanafunzi anakiri kwamba dhana yake imekanushwa na data? Dhana zetu huthibitishwa daima, tena katika ukurasa wa mwisho. Sura ya 9 ya Richardson ingefaa kusomwa na kila anayeanza utafiti, awe wa fizikia au wa fonolojia.

3. Msukosuko: wazo na jina lake

Sura ya 4 ndiyo yenye wazo lililoishi kuliko mengine. Upepo hauendi kama kamba iliyonyooka. Ndani yake mna visulisuli vikubwa. Hivyo vinavunjika na kutoa nguvu zao kwa vidogo, navyo kwa vidogo zaidi, hadi mnato wa hewa unapoigeuza nguvu hiyo kuwa joto. Richardson aliufupisha mfululizo huo kwa shairi dogo la mzaha lililofuata mtindo wa Jonathan Swift, na wahandisi wengi wanalijua shairi hilo ingawa hawajakifungua kitabu.

Kwa mtengeneza modeli wazo hilo lina tatizo. Mraba una upana wa kilomita nyingi, na kisulisuli kidogo kina upana wa hatua mbili. Hakiwezi kuandikwa katika mraba, lakini kazi yake haiwezi kuachwa, maana ndicho kinachochanganya joto, mvuke na vumbi. Basi kinakadiriwa kwa matokeo yake. Muuza unga sokoni hahesabu punje; ana kopo lake, na biashara inakwenda. Uzuri wa modeli ya anga au ya bahari unategemea sana makopo ya namna hiyo, na ubaya wake pia.

Maji ya juu ya bahari yana habari ileile. Upepo unayakoroga, joto la jua linashushwa chini, baridi ya chini inapandishwa. Mwaka 1948 Richardson na Mmarekani Henry Stommel walichapisha taarifa fupi juu ya jaribio walilolifanya Loch Long, Uskoti. Walitupa majini vipande viwili viwili vya mzizi unaofanana na karoti nyeupe, wakapima jinsi vinavyoachana. Mzizi huo unaonekana vizuri na unaelea ukiwa umezama karibu wote, hivyo upepo haupati pa kuushika. Walikuta majini kanuni ambayo Richardson alikuwa ameieleza kwa hewa mwaka 1926: kadiri vitu viwili vinavyokuwa mbali, ndivyo vinavyozidi kuachana kwa kasi, tena kwa kipimo maalumu kinachoongozwa na tarakimu 4/3. Makopo ya leo ni bora kuliko ya 1948; lile la Large, McWilliams na Doney la 1994, kwa mfano, limeenea sana katika modeli za bahari. Lakini kazi ni ileile.

Sasa tuje kwenye jina, maana hilo ni shamba letu. Mabaharia husema bahari imechafuka, nao husema vizuri. Baadhi ya walimu, wakifuata kitenzi hicho, huita hali hiyo machafuko ya hewa. Sisi hatuwaungi mkono. Katika Kongo, tangu vita vya 1996, nomino machafuko inaleta masikioni milio ya risasi na watu wenye mizigo kichwani. Mwanafunzi akiisikia ataelewa kwamba hakuna sheria yoyote. Mchango mkubwa wa Richardson ulikuwa kuonyesha kwamba sheria ipo. Kwa hiyo tunapendekeza msukosuko, neno linalotunza mtikisiko bila kuhukumu. Kwa kipande kimoja kinachozunguka ndani yake tuseme kisulisuli, kiwe cha upepo au cha maji. Kila aliyesikia habari za nabii Elia analijua neno hilo. Na mwendo mkubwa wa anga au wa bahari uitwe mzunguko mkuu.

Kuhusu mzunguko mkuu Kiswahili si maskini hata kidogo. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo, tena ni majina ya majira, na kati yake pana maleleji, wakati upepo haujaamua. Mkondo wa Somalia hugeuka pamoja na pepo hizo: wakati wa kusi huenda kaskazini, wakati wa kaskazi hurudi kusini. Nahodha aliyepanga safari kwa maneno hayo alikuwa na modeli kichwani. Ilikuwa na miraba michache, lakini ilimfikisha. Jambo hilo tulikumbuke tunapoingia sehemu inayofuata.

4. Ukumbi na nguzo zake

Katika sura ya 11 Richardson anaacha jedwali na kuota ndoto. Anatuchorea ukumbi mkubwa wa mviringo uliozungukwa na ngazi za viti kama jumba la michezo. Kuta zake zimechorwa ramani ya dunia: ncha ya kaskazini darini, Uingereza katika roshani ya juu, nchi za tropiki katika safu inayofuata, Australia chini yake, na Antaktika sakafuni. Watu wamekaa kila mmoja mbele ya sehemu yake ya dunia, anakokotoa na kumwonyesha jirani jibu lake. Katikati unasimama mnara, na juu yake kiongozi anayewaongoza kama mwongoza kwaya: wanaotangulia anawamulika mwanga wa waridi, wanaochelewa mwanga wa buluu. Katika chumba cha chini kuna mtu anayetazama visulisuli ndani ya bakuli kubwa linalozungushwa. Nje kuna viwanja vya michezo, milima na maziwa, kwa sababu mwandishi anaona kwamba wanaokokotoa hewa wanastahili kuivuta kwa uhuru.

Mfasiri ajihadhari hapa. Neno la Kiingereza tulilolitohoa kuwa kompyuta lilimaanisha mwaka 1922 mtu anayekokotoa kwa kalamu. Anayeandika kwamba Richardson aliota kompyuta 64,000 anaharibu ukurasa mzima. Ni wakokotozi, ngeli ya M-WA, wenye macho ya kuchoka na miguu ya kwenda kucheza jioni.

Hiyo 64,000 ilipatikanaje? Kwa ramani ya dunia yote Richardson anahesabu nguzo 3,200. Halafu anasema kwamba katika tropiki hali ya hewa mara nyingi inajulikana kabla, kwa hiyo nguzo za kufanyiwa kazi ni 2,000. Kila nguzo inahitaji watu 32, na 32 mara 2,000 ni 64,000. Wachunguzi wa baadaye, akiwamo Lynch, wameonyesha kwamba hesabu yenyewe ni pungufu na kwamba watu wangezidi 200,000. Hiyo siyo hoja yetu. Hoja yetu ni zile nguzo 1,200 zilizotoka kwa kauli moja.

Tuitazame kauli hiyo kwa jicho la isimu. Katika Kiingereza iko katika hali ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Mfasiri wa Kiswahili ana njia mbili. Akisema hali ya hewa hujulikana kabla, kiambishi hu- kinaleta mazoea na mnyambuliko wa -ikana unamwondoa mjuzi: jambo linajulikana, na hakuna anayelijua. Akisema hujuliwa, mara sikio linangoja kiunganishi: hujuliwa na nani? Na nahodha? Na mkulima? Na ofisi ya mkoloni? Sarufi yetu inauliza swali ambalo kauli ya mwandishi ililipita. Tulipoifasiri sehemu hii darasani, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono akasema: « Mwalimu, mle ukumbini tumepewa viti, lakini wakokotozi wetu hawakuajiriwa. » Sijapata uhakiki mfupi kuliko huo.

5. Je, Richardson alikosea?

Haki itendeke. Kauli yake ina ukweli wa namna fulani. Katika tropiki kanieneo ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa utaratibu kama maji kujaa na kupwa, na hubadilika kidogo kati ya siku na siku. Majira ya pepo nayo yalijulikana, kama tulivyoona, karne nyingi kabla ya 1922. Mtu aliyejifunza kuisoma hewa kwa kanieneo, kama walivyojifunza watu wa Ulaya, angedhani kwamba mahali ambapo kanieneo imetulia hakuna habari.

Lakini mvua ya kwetu haisomeki katika kanieneo. Ulaya, nguvu inayotokana na kuzunguka kwa dunia inaufunga upepo na kanieneo pamoja, hata ukiijua moja unakaribia kuijua ya pili. Karibu na ikweta nguvu hiyo inafifia, na kifungo kinalegea. Mvua inaletwa na mawingu yenye upana wa kilomita chache, yanayoinuka mchana mmoja na kumalizika usiku. Miraba ya Richardson ilikuwa na upana wa karibu kilomita 200. Hata modeli ya dunia ya kituo cha Ulaya cha utabiri, ambayo tangu 2016 imekuwa na miraba ya kilomita 9, bado hukadiria sehemu kubwa ya kazi ya mawingu hayo kwa kopo. Basi pale alipodhani pana wepesi ndipo penye ugumu mkubwa kuliko kote.

Wataalamu walianza kulitambua jambo hilo. Utabiri wa kwanza wa mashine, uliofanywa mwaka 1950 na Jule Charney na wenzake kwa kutumia ENIAC, ulishughulikia Marekani ya Kaskazini. Mwaka 1974 takriban meli 40 zilitawanyika katika Atlantiki ya tropiki kupima bahari na hewa kwa pamoja, na uongozi wa kazi hiyo ulikaa Dakar. Kwa mara ya kwanza sehemu ya zile nguzo ilipata wapimaji wa kutosha, ingawa kwa miezi michache tu.

Bonde la Kongo lilibaki nyuma. Vituo vingi vilivyopima mvua kabla ya 1960 vilinyamaza baadaye. Mwaka 2013 Richard Washington na wenzake walichapisha makala ambamo waliuliza wazi kama modeli za tabianchi zinaweza kuaminiwa kuhusu mvua ya bonde hili, kwa kuwa zinatofautiana mno na vipimo vya kuzisuluhisha ni haba. Wakati huohuo anga letu halilali: katika orodha ya mahali penye radi nyingi duniani iliyotolewa mwaka 2016 kwa data za satelaiti, Kabare ya Kivu Kusini ilikuwa ya pili, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela.

Na ni katika Kivu Kusini hiyohiyo, wilayani Kalehe, kando ya ziwa Kivu, ambako tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha mito juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Hatusemi kwamba mtu wa 1922 ana hatia ya maji ya 2023. Tunasema tu kwamba tukiwa na Kalehe moyoni, hatuwezi tena kusoma kwamba hali ya hewa yetu inajulikana kabla, kisha tukafungua ukurasa unaofuata kana kwamba hatukusoma kitu.

Liko jambo la kutia moyo. Tangu 2020, huko Yangambi katika Tshopo, unasimama mnara wa mita 55 unaopima jinsi msitu na hewa vinavyobadilishana mvuke na kaboni. Vyombo vyake vinasoma visulisuli vinavyopita, mara nyingi ndani ya kila sekunde. Ni wa kwanza wa aina hiyo katika msitu wa bonde la Kongo. Kwa lugha ya Richardson, nguzo moja kati ya zilizofutwa imempata mkokotozi wake.

6. Hitimisho

Kitabu hiki tumekikuta na nguvu tatu: kinachapisha kosa lake, kinaupa msukosuko sheria, na kinaota kazi ya kisayansi ambayo watu wake wanabaki watu. Tumekikuta pia na udhaifu mmoja, nao haukuwa wa hesabu. Mwandishi aliyekagua kila tarakimu ya Munich hakukagua neno moja alilolitumia kwa nusu ya joto ya dunia. Alikuwa na vipimo vya Munich, vikamkanusha. Kwetu hakuwa na kipimo cha kumkanusha, na neno likapita.

Tunapendekeza, basi, sura za 9, 10 na 11 zitafsiriwe kwa Kiswahili, kazi ifanywe kwa pamoja na wenzetu wa kitivo cha sayansi, na wanafunzi wa sehemu zote mbili wapewe kuzisoma. Katika tafsiri hiyo kauli ya zile nguzo 1,200 isilainishwe. Iandikwe hujuliwa, na nafasi ya mtenda iachwe wazi, ili kila darasa likifika hapo lilazimike kuuliza: na nani?